Kiwiko

Walinituma na futi ya chuma na daftari
niandike gharama za kubomoa.
Kamati imekwishachagua bati, la buluu,
na madirisha ya alumini kama ya benki ya Makambako.

Nilifika Ilawula asubuhi ya Juni, nyasi zimeganda,
ukungu umeukalia mnara, hata kengele ilipolia
nikadhani mlima unakohoa.
Vitalisi Mgaya, mlinzi, akanipa kamwene
na ufunguo mrefu kama mwiko wa ugali.

Nikaanza kupima.
Ukuta wa kaskazini: mita thelathini na moja.
Unene: nilinyoosha mkono dirishani hadi begani,
vidole havikufika nje.
Matofali ya kuchoma, udongo wa bondeni kwa Mwalongo,
katikati yake chokaa na kitu cheusi.
Vitalisi anasema ni majivu na uji wa ulezi.
Sikuonja.

Kwenye matao kila tofali lina mikwaruzo ya vidole.
Waliobeba walikuwa wanawake,
matofali ishirini kwa kijiko cha chumvi,
na kila mmoja alitia alama yake, mbichi bado,
asije akadhulumiwa.
Chumvi ililiwa. Hesabu ingali juu ya altare.
Nilitafuta mkono wa bibi yangu, Semhilu,
vidole vinne, cha tano alikiacha kwenye shoka.
Sikuuona. Tao liko juu
na shingo yangu si ya ujana.

Ukuta wa kusini ndio ulionishinda.
Unakwenda vizuri, dirisha la kwanza, la pili, la tatu,
halafu unakunja kiwiko, unaingia ndani hatua tano,
unapita kiubavu kama mtu anayempisha mgonjwa mlangoni,
kisha unatoka tena na kuendelea na safari
kana kwamba hakuna kilichotokea.
Nikalaumu kamba. Nikapima mara tatu.

Nje, ndani ya kiwiko hicho, kuna rundo la mawe,
kichaka cha mianzi ya ulanzi, kibuyu kilichopasuka.
Mama mmoja, Semgimba, alilazwa hapo
kabla msalaba haujapanda mlima huu.
Wanawe walisema: kanisa jengeni, mama hahami.
Bruda akagoma wiki tatu.
Ya nne wakagoma wabeba matofali.
Siku ya ishirini na tisa akaja na kamba, peke yake,
akang'oa vigingi, akavipigilia upya,
hakusema neno, wala hakuaga.

Ndiyo maana upande wa kusini mabenchi ni mafupi
na watu wa besi huimba wamekaa upande.

Nilikaa hapohapo nikapiga hesabu.
Saruji. Nondo. Kokoto lori mbili.
Ramani mpya imenyooka, imechorwa Iringa mjini
na kijana ambaye viatu vyake havijaujua utelezi wa huku.
Ina pembe nne. Haina wa kumpisha.

Nikaandika yote niliyoagizwa,
jumla chini, nikaipigia mistari miwili.
Kisha, mahali palipoandikwa Mengineyo,
nikaandika: kiwiko,
na kwenye bei nikaacha wazi.

Vitalisi alisoma juu ya bega langu.
"Padre atauliza," akasema.

Na aulize.