Hudhurungi wa Luvsandorj

Kwetu nyikani farasi hapewi jina.
Huitwa kwa rangi yake na kwa aliyeshika kamba,
kwa hiyo yeye alikuwa Hudhurungi wa Luvsandorj, basi,
na wageni wa kamera walisikitika
kwamba bingwa wa miaka sita hana jina la kuchapisha.

Alikuwa mfupi. Kichwa kama sanduku la chai.
Mguu wa nyuma wa kushoto aliutupa nje kidogo,
kama mtu anayefunga mlango kwa kisigino.
Ungemkuta amesimama, usingemkopesha hata shayiri.

Mimi nilikuwa na miaka saba, kilo kumi na tisa,
kofia ya kadibodi aliyonishonea mama,
soksi bila viatu, maana kiatu nacho ni mzigo.
Mbio za sakafuni huishia ukingoni, husemwa.
Pale hapakuwa na sakafu wala ukingo:
nyasi, halafu nyasi, halafu mbingu imezikalia nyasi,
kilomita ishirini na saba.

Na tukifika, mpiga mbiu alimsifu kwa sauti ya puani:

*Njoo mwana wa upepo, mkia wako ni moshi,*
*Vumbi lako liko hapo, wenzio hawakutoshi,*
*Mlima ule haupo, umeumeza, sibishi,*
*Unywe maziwa ulipo, jasho lako haliishi.*

Sasa niliseme hili, maana Luvsandorj amekufa
na aliyetaka kuninunua naye amekufa.
Mwaka wa nne, usiku wa kuamkia mbio,
Tsevegjav aliniita nyuma ya lori lake.
Baiskeli. Nyekundu.
Hakuniambia neno. Aliipiga kengele mara moja tu.

Kesho yake, penye kilima cha tatu, nilivuta hatamu.
Nilivuta kwa mikono miwili, mgongo ukagusa kiuno chake.
Akageuza sikio moja, akanisikiliza
jinsi mtu mzima anavyomsikiliza mtoto muongo,
kisha akalirudisha sikio mbele.
Akaenda.
Lijamu ikamchana pembe ya mdomo, naye anaenda.
Nililia njia nzima; watu wakadhani ni furaha.

Wakammiminia maziwa mgongoni, wakagombania jasho lake,
kila mmoja ajipake bahati.
Luvsandorj alimshika taya, akaona damu.
Akanifungua viganja. Kamba ilikuwa imeandika kila kitu.
Akachukua kibao chake cha kukwangulia,
akakwangua povu la shingoni,
akanipaka kwenye paji la uso, polepole, akakawia.
Hakuniuliza siku ile, hakuniuliza hadi anazikwa.

Baiskeli sikuipata. Hadi leo sijui kuiendesha.

Alikuwa maksai, huyu mnayemsifu.
Alihasiwa akiwa na miaka mitatu, nilishika kamba mwenyewe
nikiwa mdogo kuliko ndoo.
Lakini nenda mnadani Darkhan:
kila mwenye mwana-farasi wa hudhurungi anaapa
kwamba babu yake ndiye yule.
Nilimwambia mmoja, bwana, yule alihasiwa.
Akanijibu bila kupepesa, "Ndiyo maana bei iko juu."

Alikufa mwaka ule barafu ilipofunika nyasi kama kioo
na mifugo ikafa imesimama.
Miaka ishirini na mbili. Alikuwa akipiga kioo kwa kwato,
na mbuzi wa jirani wamejipanga nyuma yake
wakila alichokifukua.
Hilo halikutiwa kwenye mbiu yoyote.

Siku hizi nachomelea mabomba. Kilo tisini na moja.
Kila kiangazi napanda kwenye rundo la mawe
ambako Luvsandorj aliliweka fuvu lake,
likitazama upande mbio zinakoanzia,
na skafu ya buluu iliyochakaa hadi ikawa uzi.

Mwaka huu nilimchukua binti yangu, Oyunsuren.
Ana miaka saba, ana baiskeli.
Akauliza, "Anaitwaje?"
Nikamwambia: Hudhurungi wa Luvsandorj.
Akalitazama fuvu kwa muda mrefu, akaligusa pua.
"Baba," akasema, "lakini huyu ni mweupe."