Chupa Irudi

Baba aliuza soda Ngamiani, Barabara ya Nane.
Msumari ukutani, daftari limening'inia:
nani kaondoka na chupa, nani hajarudisha.
"Soda si ghali," akisema, "ghali ni kioo.
Mteja alipe kiu yake tu.
Chupa ni yangu, na chupa irudi."

Leo niko Chongoleani, mhasibu wa kampuni
isiyo na bendera, yenye mkopo.
Chombo chetu tumekiita Chupa, jina la mzaha.
Mhandisi Zaharia Shekue hakulipenda,
alitaka jina la nyota.
Nikamwambia benki haikopeshi nyota.

Zamani roketi ilikuwa njiti ya kibiriti:
ikiwaka mara moja, kwisha habari yake.
Wakubwa wakapiga makofi, wakaagiza nyingine.
Nani alikuwa akihesabu?
Fedha ya umma haina msumari ukutani.

Mimi nahesabu.
Vigae vya kuzuia joto mia nne na kumi; vilivyopasuka, saba.
Injini ya tatu imekohoa, ifunguliwe.
Mafuta, mtashangaa, si kitu.
Mafuta ndiyo soda.

Safari ya sita ilirudi vibaya.
Ikalala ubavu juu ya zege, mguu umevunjika,
na benki ikapiga simu kabla moshi haujatulia.
Miezi mitano tukalipana ahadi.
Kihiyo, mchomeleaji, aliyejifunzia kazi
kwenye vitoroli vya mkonge,
akaugonga ule mguu kwa nyundo, akatega sikio:
"Huu utapona. Ule mzima ndio unadanganya."
Kweli, ulikuwa na ufa ndani, mwembamba kama unywele.

Leo ni safari ya kumi na moja.
Saa tatu asubuhi imeondoka na mizigo ya watu wadogo:
kisanduku cha wanafunzi wa Pongwe,
kipima mawingu cha wakulima wa machungwa, Muheza,
waliochangishana, wakaomba punguzo,
nikawapa nusu ya walichoomba.
Saa tisa imerudi, wima, inatoa mvuke.
Waja leo waondoka leo, ndivyo tusemavyo Tanga,
na wageni hudhani tunawafukuza.

Nimeigusa ingali na joto. Masizi kidoleni.
Nikaandika kwa mwandiko wa baba:
*Chupa moja. Imerudi.*
Kisha bei ya safari ya kumi na mbili
nikaishusha. Kidogo tu.
Lile zege la kutulia bado tunadaiwa.