Kikombe Sijakitikisa

Nilikuja Ibra kwa arubaini moja tu:
Thuwaiba ajifungue, nimkande, nimpikie uji wa pilipili manga,
mtoto atolewe nje, mimi nirudi zangu Wete.
Mtoto sasa ana meno mawili.

Hapa bomba la baridi ndilo la moto.
Tangi liko juu ya paa, na jua halimwonei mtu haya.
Siku ya kwanza nilijibabua mkono, nikacheka peke yangu bafuni.
Mwezi wa Juni ukitaka maji ya kuogeka
unazima hita, unafungua lile lenye alama nyekundu.
Nimeshazoea. Hilo ndilo linalonitisha kidogo.

Kanga nazo: nikianika ya pili
ya kwanza imeshakauka, imekakamaa kama papa wa chumvi.
Jina limeliwa na jua, limebaki *mgeni njoo*;
kilichofuata lazima ukikumbuke mwenyewe.

Asubuhi ni kahawa chungu yenye iliki, na sahani ya tende.
Wiki ile ya mwanzo mwenye dele alikuwa Yakdhani,
mjukuu wa miaka saba, kanzu imempita miguu.
Nikimaliza, anajaza.
Namaliza kwa adabu, anajaza kwa adabu.
Vikombe tisa! Moyo unanienda mbio,
mpaka Bi Zuwaina akatoka jikoni, mbavu hana:
"Kitikise, dada! Usipokitikisa
utamiminiwa hadi kiama."

Jumatano tunakwenda soko la wanawake.
Wauzaji wamevaa barakoa, zile za asili, si za korona;
udi, hina, nyuzi, sufuria, fulana za watoto, vyote mkekani.
Bi Zuwaina anapatana bei kwa Kiarabu,
kisha ananigeukia kunisuta kwa Kiswahili:
"Uso wako huo! Umeshaonyesha umekipenda."

Muhogo tunanunua dukani kwa Shafikul,
umeganda kama jiwe, umesafiri kuliko mimi.
Tui la unga. Tunapika hivyo hivyo.

Lakini kazi yangu hasa ni usiku.
Bi Zuwaina aliondoka Pemba ana miaka kumi na miwili.
Taa ikizimwa, kiyoyozi kikinguruma,
mimi nimejifunika blanketi na nje ni tanuri,
ananiuliza gizani:
"Kile cha kukunia nazi, cha kukalia?"
"Mbuzi."
Nyuma ya mlango wajukuu wanakufa kwa kicheko:
mbuzi wanamjua, yumo uani, anakula maboksi.
"Na mvua ile ndogo, ya kukulowesha bila ya kujua?"
"Manyunyu."
"Manyunyu," anasema taratibu,
kama mtu anayeonja mchuzi kwenye kiganja.

Kuna usiku aliniuliza kile cha ukili
kinachofunika chakula, chenye ncha juu.
Neno halikuja.
Nimekifunua maisha yangu yote, na jina halikuja.
Tukalala kila mtu na ukuta wake, tunalitafuta.
Kabla ya adhana ya alfajiri akaja kunigongea,
miguu chini, nywele wazi:
"Kawa! Ni kawa!"
kwa sauti ya mtu aliyeuona mwezi.

Juzi kwenye simu nilimwambia mwanangu Mbarouk,
"Khalasi, nitakupigia kesho."
Akanyamaza. Nilisikia jogoo wetu nyuma yake.
"Mama, unarudi lini?"
Nikamwambia viza imeongezwa tena.
Ni kweli. Sikumwambia nani aliyeomba iongezwe.

Asubuhi hii Yakdhani amesimama mbele yangu, dele mkononi;
kanzu sasa inamtosha.
Kikombeni limebaki tone na punje ya iliki.
Ananitazama mkono.
Na mimi nautazama.
Umetulia tu, kama si wangu.