Theluthi

Jagoda amenifunulia kisahani cha kioo.
Ndani mna kitu cheupe, si nguo, si karatasi,
kama utando wa maziwa yaliyopoa.
"Usipumue kwa nguvu, mama."
Sina shida. Nimezoea kupumua kwa hesabu.

Mama yangu, Genowefa, alikuwa mfumaji
katika kiwanda cha matofali mekundu, hapa hapa Łódź,
zamu ya usiku, mitambo minane peke yake.
Aliinua majora ya pamba, akazaa wanne,
na alipofika miaka arobaini na minne
kizazi kikashuka.
Hakumwambia mtu. Alikunja taulo,
akalibana kwa nguo mbili za ndani,
akarudi kwenye mtande na mshindio.
Mimi nilijua siku tulipomwosha.

Yangu iliposhuka, sikukunja taulo.
Daktari alinichorea kwa kalamu ya buluu
wavu mdogo wa plastiki: kama machela, alisema,
utabebwa tu.
Dakika arobaini. Nilirudi nyumbani na maua.

Mgeni siku mbili; ya tatu, mpe jembe.
Huyu nilimpa miaka kumi na miwili.
Hakushika jembe. Alishika nyama.
Alikakamaa, akakunja kingo zake,
akajenga ukuta karibu na kibofu.
Ndani ya tramu nilisimama, viti vikiwa vitupu.
Usiku mmoja Zbyszek aliinuka ghafla, kuna damu,
tukawasha taa tukaitafuta kwangu.
Ilikuwa yake.
Toka hapo tulilala mgongo kwa mgongo
na hakuna aliyelizungumza, hata alipokuwa anakufa.

"Ni umri, bibi." "Ni neva." "Una mawazo mengi."
Wa nne ndiye aliyenipasua kuutoa,
akautoa kwa vipande, kama mtu anayelipa deni la aibu.
"Tumepata theluthi mbili," alisema.
Ile moja ninayo.

Sasa binti yangu ananieleza kazi yake.
Anachukua ngozi ya ndama, anaiyeyusha iwe maji mazito,
anaisukuma katika sindano, anaitia umeme.
Uzi unaruka hewani, mwembamba,
jicho haliuoni hadi umerundikana.
Nakisogelea kisahani. Mtande uko wapi?
Mshindio uko wapi? Bibi yako angekukata mshahara.
"Ni vurugu," anakubali. "Seli hupenda vurugu.
Zikipangiwa mistari, hukataa kukaa."
Anasema utando utashika miezi minane,
mwili utajifuma juu yake,
kisha wenyewe utayeyuka, utakwenda na mkojo.
Umekwisha kuwashika kondoo kumi na mmoja.
"Nao kondoo wanasemaje?"
"Wanakula."

Nacheka, na kucheka kunauma pale pale.
Nauliza: na usipoyeyuka?
Ukipendezwa na nyumba ya watu?
Mlango wa kutokea umeuweka wapi, Jagoda,
na ufunguo atakuwa nao nani?

Hajibu upesi. Namshukuru kwa hilo;
wale wengine wote walijibu upesi.
Anafunika kisahani, anavua glavu,
anaandika kitu katika daftari.
Bila miwani sioni ni swali langu
au ni saa na joto la chumba.

Tunashuka ngazi. Lifti ni mbovu tangu Jumatatu.
Yeye anakwenda polepole kwa ajili yangu,
mimi kwa ajili ya theluthi.