Sahani ya Kumi na Mbili

Bibi Huguette alizizika mwezi Juni, chini ya vitunguu majani,
askari wakiwa wameshafika mtoni.
Sahani kumi na mbili, bakuli la supu na kifuniko chake,
kila kimoja kimezungushiwa soksi nzito za mumewe
aliyekuwa vitani.

Vita vilipokwisha alifukua kumi na moja.

Ndizo hizi ninazoziosha leo, Lunéville,
maji vuguvugu, sabuni kidogo, kama alivyonifunza:
usizigonganishe, zinasikia.
Weupe wake ni wa maziwa yaliyolala.
Mikwaruzo ya visu inakwenda huku na huku
kama njia za panya shambani.
Na maua:
peoni limefura kama shavu la mpiga tarumbeta,
tawi la mwanzi lisiloegemea chochote.
Wageni waliuliza, "Za Uchina?"
"Za Uchina ya hapa hapa," alijibu, "nyuma ya kituo cha treni."

Maana aliyechora alikuwa msichana wa mjini,
karatasi yenye vitundu, vumbi la mkaa,
brashi ya nywele tatu, malipo kwa dazeni.
Mwanzi hakuuona maishani.
Ndiyo maana ndege wake wa peponi
ana miguu ya kuku,
anasimama kama anayengoja kutupiwa punje.

Bwana Vautrin, mthamini, amezipindua matumbo juu,
akasoma muhuri, akakuna shingo.
"Nzuri. Lakini siku hizi nani analisha watu kumi na wawili?
Na kumi na moja..."
Akaiacha kumi na moja ielee.
Bei aliyotaja ni ya jozi ya viatu.

Mjomba Gaspard anataka tuchimbe.
Ameleta koleo, na kile kifaa cha kunusa chuma,
utadhani udongo nao una kutu.
Nimekataa. Sijui kwa nini nimekataa kwa sauti kubwa vile.
Miaka hamsini na kitu vitunguu vimeota juu yake,
tumevila kila majira ya baridi.
Huenda bibi alipapasa vibaya gizani.
Huenda aliigusa,
akaifunika tena,
sahani ya mwenye soksi.

Gaspard ameegemeza koleo ukutani,
anauliza kama kuna chakula.
Nampakulia katika mojawapo.
Supu inapanda taratibu
hadi kwenye magoti ya kuku.