Jasho la Bomba

Kwanza alimwita mtu wa paa.
Mtu wa paa akapanda, akabandua vigae vitatu,
akabandika vigae vitatu, akaandika bili.
Wiki ya pili tone likarudi palepale,
juu ya kiti alichokuwa akikikalia Placide:
to,
kimya kirefu,
to,
na doa kwenye dari likazidi kutanuka,
rangi ya chai iliyolala, kingo zake
kama ramani ya nchi isiyo na jirani.

Akamwita tena. Bili ya pili.
Kisha akaniita mimi.

Ni Agosti, Lafayette, Luiziana,
mwezi ambao hewa haivutwi, hunywewa.
Mvua haijanyesha siku kumi na moja.
“Paa linavujaje, Bi Eulalie, na mbingu ni kavu?”
Akanitazama kama mtu aliyejiuliza hayohayo
usiku, kwa sauti, na asijibiwe.

Juu kule joto lilinipokea kwa kofi.
Tochi. Misumari ya paa imechomoza kama meno.
Na bomba lenyewe, nene, limevaa foili,
limelala toka kwenye mashine hadi vyumbani,
ndani yake baridi isafiriyo,
nje yake joto lingojalo.

Chukua bilauri ya maji ya barafu,
iweke barazani, hesabu hadi mia.
Bilauri italia, na hakuna aliyeitoboa.
Maji yale hayatoki ndani.
Yalikuwapo hewani muda wote, yametuzunguka,
yanatafuta tu kitu baridi cha kutulia.

Basi nikaona kilichoivua nyumba nguo.
Masanduku manne, juu ya bomba, yamepangana:
taa za Krismasi, vikombe vya boling,
kaseti, na moja limeandikwa kwa kalamu nzito
USITUPE.
Chini yake pamba ya kioo imebanwa ikawa chapati.
Pamba iliyobanwa haina pumzi,
isiyo na pumzi haimkingi mtu.
Matone yamejipanga tumboni mwa bomba,
na ukungu mweusi, nukta nukta, umeshaanza kusoma mbao.

Nikashuka. “Ni mizigo,” nikasema.
Sikusema ya nani.
“Mimi ndiye niliyemshikia ngazi,” akasema.

Kazi yenyewe haikunishinda.
Nilikata kipande kilicholowa, nikavisha kipya,
kila kiungo nikakipaka gundi nzito kwa brashi,
kisha utepe wa foili, si ule wa kitambaa
ambao joto la darini huubandua kabla ya mwaka.
Nikalitundika bomba kwa mikanda mipana,
maana mkanda mwembamba nao hubana,
lisiguse mbao, lisigusane na lenzake.

Kilichonishinda kilikuwa ukutani, sebuleni:
kiyoyozi kimewekwa nyuzi sitini na tano.
Yeye mwenyewe amevaa sweta.
“Placide alipenda baridi,” akasema,
akaiangalia ile namba kama picha.

Nifanyeje? Nilimweleza ukweli wa fundi:
kadiri bomba linavyopoa ndivyo linavyotoka jasho,
na blanketi nene nalo lina mwisho wake.
Sikuigusa swichi. Nilikwenda kunawa mikono,
nikanawa polepole, hata kucha.
Niliporudi ilikuwa sabini na moja.
Kesho, akasema, labda mbili.

Nikamwachia kipima unyevu kidogo, cha betri.
Kikizidi hamsini, nikamwambia, nipigie.
Masanduku tuliyaweka kwenye meza ya kulia,
na tayari alikuwa ameshafungua la kaseti,
ananusa kifuniko.

Alinilipa kwa hundi.
Juu, kwenye kona, majina yao mawili,
na chini ya hayo, kwa mkono ambao haukutetemeka,
jina moja.