Mbili Kati ya Tatu

Saa moja usiku, ukumbi wa tatu.
Vumbi la Agosti limeingia hata kwenye chaki.
Wanafunzi arobaini na mmoja; feni inazunguka kama imelazimishwa.
"Mwalimu," anasema Ndahani, "nchi haina kinu cha nyuklia.
Tunafundishwa kumwogopa simba wa kwenye picha?"
Wanacheka. Nami nacheka, kauliza vizuri.
Huko Bahi wanapanda mpunga juu ya ardhi
ambayo wanasema ina urani. Sijui ni lini, wala nani atajenga.
Najua tu kwamba kinu cha bibi kikipasuka tunaokota uwele,
na hiki kingine hakina cha kuokota.

Nachora vipimajoto vitatu na mwamuzi mmoja.
Viwili vikisema moto, tunazima.
Kimoja kikidanganya, kimeshindwa kwa kura.
"Kumbe rahisi," ananong'ona Nyangeta, anapiga mstari chini.
Ngoja kwanza. Vyote vitatu umenunua wapi?
Duka moja, programu moja, kosa moja
lililoandikwa alfajiri na kijana mwenye njaa.
Hapo huna mashahidi watatu, Nyangeta.
Una shahidi mmoja mwenye kofia tatu.

Umeme ukakatika.

Feni ikapunguza, ikapunguza, ikasimama.
Dirishani, Dodoma nzima ikafutika, taa za Chang'ombe, barabara ya Iringa,
kama mtu kapitisha dasta.
Mikono ikaenda kwenye simu. Nikasema: acheni. Hesabuni.
Tukahesabu kwa sauti, kama watoto wa chekechea.
Kwenye kumi na moja, hospitali ng'ambo ya bonde ikawaka peke yake.
Sekunde kumi na moja.
Hakuna aliyeuliza nani alikuwa kitandani, na mashine gani.

Gizani ndipo nilipowafundisha vizuri zaidi mwaka ule.
Kwetu Mvumi, lango la zizi lilikuwa gogo
lililovutwa juu kwa kamba.
Usiku mmoja panya akaila kamba; gogo likaanguka, likafunga.
Mbuzi wakalala salama kwa kazi ya panya.
Fimbo za kinu nazo huning'inia hivyo, zimeshikwa na sumaku ya umeme;
umeme ukiondoka zinadondoka,
haziombi ruhusa ya meneja.
Kwa hiyo kila mnachokiunda, kiulizeni:
kamba ikikatika, unaangukia upande gani?

"Basi tumemaliza," akasema Ndahani gizani.
Hatujamaliza. Kinu kilichozimwa bado kina homa,
kinataka maji leo, kesho, keshokutwa.
Na pampu inataka umeme.
Na umeme, mwanangu, unauona ulipo.

Wiki iliyofuata nilisahihisha mitihani.
Ndahani aliandika: *uwezekano wa kushindwa ni sifuri.*
Nikampa sifuri yake.
Akaja ofisini amenuna, akaondoka na vitabu viwili.

Lakini ninayemkumbuka ni binti wa kiti cha nyuma,
Sikujua Mhewa, jina alilopewa na mama yake
kwa sababu zake mwenyewe.
Mwanzo wa muhula nilimtania, na najuta:
kazi hii, nilisema, ndiyo pekee ambamo jina lako si jibu.
Usiku ule, taa ziliporudi
na wote wamefinya macho, wanakusanya madaftari,
alinyoosha mkono.
"Vipimajoto ni vitatu, vinachungana.
Mwamuzi ni mmoja.
Yeye anachungwa na nani?"

Miaka kumi na tisa nachora mchoro ule.
Nilifungua mdomo. Nikaufunga.
Nikaliandika swali ubaoni kama alivyolisema,
pembeni, kwa herufi kubwa: USIFUTE.

Asubuhi mfagiaji alikuwa amesafisha ubao wote,
akalizunguka swali kwa uangalifu,
na chini yake, kwa mwandiko nisioujua,
mtu alikuwa ameongeza: *na huyo naye?*